Sukari ya asubuhi iliyokataa kushuka

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 63 mwenye kisukari cha aina ya pili, ambacho ameishi nacho kwa zaidi ya miaka kumi. Anameza metformin, vidonge vya kushusha sukari, mara mbili kwa siku na atenolol kwa ajili ya presha. Jioni, kabla ya chakula, hujidunga insulini ya NPH, ile yenye rangi ya maziwa. Alianzishiwa yuniti 10. Kisa hiki kilipoanza kufuatiliwa alikuwa amefika yuniti 28, na sukari yake ya asubuhi kabla hajatia kitu mdomoni ilikuwa ikicheza kati ya 11 na 13 mmol/L. Lengo alilopewa ni 4.4 hadi 7.2. (Kama mashine yako inasoma kwa mg/dL, zidisha namba hizi kwa 18.)

Lalamiko lake lilikuwa fupi: "Kila nikiongeza dawa, asubuhi ndiyo kwanza inapanda."

Mtu akisema hivyo, swali la kwanza analopigwa ni moja: jana usiku ulikula nini? Aliulizwa nyumbani, akaulizwa na kila aliyemhudumia kabla. Swali lenyewe si baya, ila huulizwa kwa sauti ya hakimu, na mtu anayeulizwa hivyo mara kwa mara hujifunza upesi jibu linalofunga kesi. "Sijala kitu." Jibu hilo ndilo lililochelewesha mambo hapa kuliko kitu kingine chochote.

Daftari na kile kisichokuwemo

Daftari lake lilikuwa safi. Tarehe, kipimo cha asubuhi, kipimo cha kabla ya chakula cha jioni, yuniti alizojidunga. Kwenye jalada la ndani alikuwa amenakili maelekezo aliyopewa siku alipoanzishiwa sindano: pima kila asubuhi, sukari ikiwa juu ya 7.2 ongeza yuniti 2 kila baada ya siku 3. Hayo ni maelekezo halali, yanayotumika duniani kote. Lakini yana nusu ya pili, ambayo jaladani haikuwepo: sukari ikishuka chini ya 3.9 bila sababu inayoeleweka, punguza dozi kwa asilimia 10 hadi 20. Sijui kama hakuambiwa au aliambiwa ikampita. Kilicho wazi ni kwamba mzee huyu alitii alichoandika neno kwa neno, na utii huo ndio uliomfikisha yuniti 28.

Ukitazama vipimo vyenyewe: asubuhi 11 hadi 13, jioni 7.5 hadi 9. Kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi hakuna namba hata moja. Nusu ya siku nzima haionekani, na ndiyo nusu ambayo sindano yake inafanya kazi.

Kulikuwa na dalili nyingine kwenye faili, na mtu angeweza kuipita akipongeza. Kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa miezi miwili mitatu, kilikuwa asilimia 6.8. Kizuri sana kwa mtu aliyekuja kulalamika. Ila 6.8 inalingana na wastani wa sukari wa takriban 8.2 mmol/L, na daftari lake peke yake linaelekea kwenye 10, ambayo ingeleta HbA1c ya karibu asilimia 8. Tofauti hiyo inatoka wapi? Kuna mambo yanayoweza kuidanganya HbA1c: upungufu wa damu wa aina fulani, kuongezewa damu hivi karibuni, selimundu, ugonjwa wa figo uliokomaa, chochote kinachobadilisha umri wa chembe nyekundu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Damu yake ilipimwa na haikuwa na hitilafu, figo pia zilikuwa sawa. Maelezo yaliyobaki yalikuwa kwamba kuna saa ambazo sukari yake iko chini kiasi cha kuvuta wastani mzima, na saa hizo hazimo daftarini. Hesabu ya namna hii si ushahidi, maana vipimo viwili kwa siku ni vichache mno kukupa wastani wa kweli. Lakini inatosha kukuambia uanzie wapi kutafuta.

Kabla ya kwenda huko, mambo ya mashine yalimalizwa haraka. Stripu hazikuwa zimeisha muda na kopo lake hufungwa vizuri. Ananawa kwa maji na sabuni kabla ya kujitoboa, jambo muhimu kuliko watu wanavyodhani: ukimenya tunda ukapima bila kunawa, sukari iliyoganda kwenye ngozi inaweza kukupandishia namba vibaya sana, na kupangusa haraka kwa spiriti si badala ya maji. Halafu kuna usahihi wa mashine yenyewe. Viwango vya kimataifa vya glukometa vinaruhusu kupotoka kwa hadi asilimia 15 kwenye sukari za kuanzia 5.6 kwenda juu. Kwa hiyo 11.2 ya leo na 12.1 ya jana ni namba moja, na mtu asibadilishe dozi kwa ajili ya tofauti hiyo. Lakini 12 si 7 kwa mashine yoyote ile iliyo nzima.

Fulana iliyolowa

Binti yake, aliyemsindikiza, ndiye aliyefungua mlango, tena bila kukusudia. Muuguzi alikuwa ameuliza kuhusu usingizi.

"Baba siku hizi analala vibaya," akasema. "Asubuhi nikitoa mashuka, ya upande wake yamelowa. Fulana nayo anaibadilisha usiku."

"Joto tu, mwanangu."

"Hata siku za baridi, Baba?"

Jasho la usiku, kuamka na kichwa kizito, ndoto za kushtuka, uchovu wa asubuhi kana kwamba hukulala: hizo ni dalili za sukari kushuka usingizini. Mgonjwa alikuwa nazo zote isipokuwa ile anayoijua kila mtu, moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka. Hapo ndipo atenolol inapoingia. Dawa za kundi hilo hufifisha mapigo ya moyo na mtetemo, yaani kengele mbili ambazo mwili hupiga sukari inapoporomoka. Jasho hazilizuii, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayoamrisha tezi za jasho hutumia njia nyingine. Mtu anabaki na dalili moja ambayo ni rahisi kuisingizia blanketi. (Hii si sababu ya kuacha dawa ya presha. Kuikatisha ghafla ni hatari kwa moyo. Ni jambo la kumwambia daktari, basi.)

Muuguzi akaomba aone anapojidunga. Kila upande wa kitovu kulikuwa na uvimbe laini, wa ukubwa wa yai dogo, usiouma. Alikuwa akidunga hapo hapo kwa muda mrefu, na alieleza sababu bila kuficha: hapo hasikii sindano. Hivyo ndivyo ilivyo. Insulini ikiingia mahali pamoja mara nyingi, mafuta ya chini ya ngozi huvimba na sehemu hiyo hupoteza hisia, ikawa inamvutia mtu kuichoma tena. Shida ni kwamba insulini iliyowekwa kwenye uvimbe hunyonywa ovyo. Leo inachelewa na kuingia kidogo, kesho inaingia yote. Dozi moja, usiku tofauti.

Mzee akabaki na muuguzi, binti akiwa nje kidogo. Swali la chakula likaulizwa upya, safari hii kwa namna nyingine: "Mzee, usiku ukiamka umelowa jasho, unajisikia njaa?"

Akanyamaza. Kisha akasema ndiyo, njaa ya ajabu, njaa ya mtu aliyefunga siku mbili. Huenda jikoni gizani, hula chochote kitamu au cha wanga kilichopo, akiwa amesimama, mpaka mwili utulie. Halafu hurudi kulala. Hajawahi kuandika, kwa kuwa angeonekana hana nidhamu.

Hii ndiyo sehemu ya kisa ninayoona inafaa kukaa nayo. Waliomshuku kwamba anakula usiku walikuwa sahihi. Walichokosea ni mpangilio wa matukio. Chakula kile hakikuwa kiini cha tatizo, kilikuwa tiba aliyojipa bila kujua jina la ugonjwa. Ubongo unaoishiwa sukari humwamsha mwenye nao na kumsukuma ale, na si suala la tamaa wala nidhamu. Kumkaripia mtu huyo aache kula usiku bila kugusa dozi kungekuwa kumnyang'anya kitu pekee kilichokuwa kinamwokoa.

Saa tisa usiku

Alipewa kazi moja: aweke kengele ya simu saa tisa usiku, apime, aandike, kwa usiku kadhaa ndani ya wiki mbili. Na kama atakuta chini ya 3.9, ajitibu kwanza. Alifundishwa namna: gramu 15 za sukari inayoingia haraka, yaani kijiko kikubwa kimoja cha sukari kwenye maji au nusu glasi ya juisi, asubiri dakika 15, apime tena, arudie kama bado iko chini. Chokoleti si chaguo zuri hapo, mafuta yake huichelewesha sukari kuingia. Ikisharudi juu na mlo ujao uko mbali, ale kitu kidogo, si karamu.

Alirudi na namba hizi za saa tisa: 3.1, 5.8, 2.9, 3.4. Ile 5.8 haishangazi kwa mtu anayedunga kwenye uvimbe. Zile nyingine tatu zinajieleza, na 2.9 iko chini ya 3.0, kiwango ambacho ubongo huanza kuathirika na hakipaswi kuchukuliwa kirahisi kwa mtu yeyote. Jambo jingine: kwenye usiku wa 2.9 aliandika "sijasikia kitu, kengele ndiyo imeniamsha." Sukari ikishuka mara kwa mara, mwili huzoea na huacha kutoa tahadhari mapema. Habari njema ni kwamba hali hiyo hurudi nyuma kwa wengi, ikiwa mtu ataepushwa na kushuka kwa wiki chache mfululizo.

Basi nini kilikuwa kinatokea? NPH haifanyi kazi kwa usawa. Nguvu yake hufika kileleni baina ya saa 4 na 10 tangu kudungwa, kisha hufifia. Ukiidunga saa kumi na mbili jioni, kilele kinaangukia kati ya saa nne usiku na saa kumi alfajiri, wakati ambapo mtu amelala na chakula cha jioni kimekwisha kusagwa. Ikifika alfajiri dawa inaisha nguvu. Na alfajiri hiyo hiyo mwili wa kila binadamu, mwenye kisukari na asiye nacho, hujiandaa kuamka: homoni ya ukuaji na kortisoli hupanda, ini humwaga sukari kwenye damu. Asiye na kisukari huongeza insulini kidogo tu kutoka kongosho na hakuna kinachoonekana. Huyu alikuwa na kongosho lililochoka na sindano iliyokwisha. Ongeza chakula cha saa nane usiku cha kujiokoa, na asubuhi inasoma 12.

Sasa fuata mduara: asubuhi 12, maelekezo yanasema ongeza 2. Kuongeza kunazidisha shimo la usiku, wala hakusaidii alfajiri kwa kuwa dawa haipo tena. Shimo likizidi, njaa inazidi, chakula kinazidi, asubuhi inapanda. Lalamiko lake la kwanza lilikuwa sahihi kabisa.

Kuna maelezo mengine maarufu ambayo wengi wangeyatoa hapa: kwamba mwili wenyewe ukishuka usiku hujibu kwa nguvu na kurusha sukari juu hadi asubuhi. Wazo hilo lina jina la Michael Somogyi, mkemia aliyelitoa katika miaka ya 1930, na bado linafundishwa. Mwili kweli hutoa homoni za kupandisha sukari inaposhuka. Lakini tangu vihisi vya kuvaa mkononi vianze kupima sukari usiku kucha, imeonekana kwamba watu walioshuka usiku mara nyingi huamka na sukari ya chini kuliko kawaida yao, si ya juu. Mimi ningeweka wazo hilo mwisho wa orodha. Kabla yake tafuta dawa inayoisha nguvu mapema na chakula ambacho hakikuandikwa.

Kilichobadilishwa

Daktari alipunguza dozi kutoka 28 hadi 22 na kuisogeza hadi saa nne usiku, wakati wa kulala. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja kwa sababu. Kusogeza peke yake kungehamisha kilele kuelekea alfajiri, mahali kinapohitajika. Kupunguza kulihitajika kwa sababu ya kushuka kule na pia kwa sababu ya pili: aliambiwa aache ule uvimbe na adunge kwenye ngozi salama, na insulini iliyokuwa ikipotelea kwenye uvimbe sasa ingeingia yote. Mtu anayehama uvimbe akabaki na dozi ile ile anaweza kuporomoka siku ya kwanza tu. Huu ni uamuzi wa kufanya na daktari, si wa kujaribu mwenyewe baada ya kusoma.

Walimfundisha pia kugawa tumbo na mapaja sehemu sehemu, kila wiki sehemu yake, kila tundu liachane na la jana kwa upana wa kidole. Na kuviringisha chupa taratibu viganjani mpaka maziwa yaenee sawasawa. Alikuwa akiitikisa mara mbili tatu na kuvuta. NPH isiyochanganyika vizuri ni dozi ambayo hakuna anayeijua, hata kama bomba linasema 22.

Ipo njia nyingine, kubadili kwenda insulini ya muda mrefu kama glargine, ambayo haina kilele kikali na hupunguza kushuka kwa usiku. Ilijadiliwa ikawekwa akiba. Kama saa tisa usiku ingeendelea kuonyesha 3, ndiko wangeelekea.

Binti alielezwa la kufanya akimkuta baba hajitambui: asimtie chochote mdomoni, amlaze ubavu, ampe glukagoni, dawa ya dharura ya kupandisha sukari, kama ipo nyumbani, aite msaada wa dharura. Alikuwa ameishi na hatari hiyo bila kujua ipo.

Saa tisa usiku ikaanza kusoma 6 na 7, asubuhi 7 hadi 8.5. Njaa ya usiku ikakoma yenyewe bila mtu kumkataza kula. Mashuka yakakauka.

Kwa wengine wenye asubuhi ya juu

Usikichukue kisa hiki kama kipimo cha kila mtu. Anayetumia metformin peke yake, akaona asubuhi 8 au 9, hana sababu kubwa ya kuamka saa tisa: dawa hiyo ikiwa peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Kwake, ini na homoni za alfajiri ndiyo washukiwa wakuu, pamoja na mlo mzito wa usiku sana, na mazungumzo ni kuhusu dozi, muda wa chakula cha jioni, mwendo na uzito. Kuruka chakula cha jioni ili asubuhi iwe chini mara nyingi hakuleti kinachotarajiwa, maana sukari ile inatoka ini, si tumboni.

Wenye kuhitaji kuitazama saa tisa ni wanaodunga insulini na wanaomeza dawa za kundi la glibenclamide, vidonge vinavyolisukuma kongosho litoe insulini, hasa wazee na wenye figo dhaifu. Kipimo cha kabla ya kulala nacho husaidia. Ukilala na 7 ukaamka na 12, kitu kimetokea usiku na inabidi ukijue. Ukilala na 12 ukaamka na 12, usiku hauna kosa, tatizo lilianza jioni au mchana. Vihisi vya mkononi vinarahisisha haya yote, isipokuwa ukilalia mkono wenye kihisi kinaweza kusoma chini kwa uongo. Kabla ya kunywa sukari kwa ajili ya kengele yake, kama hujisikii vibaya, thibitisha kwa kidole.

Kipimo cha HbA1c kilichofuata, miezi mitatu baadaye, kilitoka asilimia 7.1. Kimepanda. Mzee alikunja uso akidhani amefeli, akauliza kama arudishe zile yuniti. Ilibidi aelezwe kwamba 6.8 ya zamani ilinunuliwa kwa saa za 3 alizokuwa akizilala, na kwamba kwa mtu wa umri wake anayedunga insulini na aliyewahi kushuka bila kusikia, 7.1 isiyo na mashimo inapendelewa kuliko 6.8 ile, hata ingefika 7.5 wasingemkimbiza. Atenolol ilibadilishwa na daktari wa presha, kwa kupunguzwa polepole. Daftari sasa lina safu ya tatu ya vipimo, ya saa tisa usiku. Haijazwi kila siku. Anaamka saa tisa dozi inapobadilishwa, anapougua na kula kidogo, na usiku wa siku aliyofanya kazi nzito kuliko kawaida.